Hewa ya Uvimbe Wangu, na Damu Mliyoninyima

Benchi ya chumba cha damu ilikuwa tupu, na ni mimi nilikuwa nimeiwekea watu. Upande huu niliweka shuka, upande ule kibeti, na kila mtu akija kukaa namwonyesha kwa mkono, hapa kuna wenyewe, wako njiani. Watu wa ukoo wa bwana yangu walikuwa wanatoka Kajiado na gari mbili kuja kunitolea damu. Hivyo ndivyo niliambiwa asubuhi. Sasa mchana ulikuwa umeisha nusu. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha mhubiri bila sauti, anafungua mdomo anafunga, na sista wa chumba cha damu alikuwa ametoka tena kuniangalia mimi, halafu benchi, halafu saa.

Simu ikalia. Msichana wangu Sein alinishikia kwa sikio, kwa sababu upande ule wa shingo ulikuwa umechomwa na mashine hadi ngozi inabanduka. Aliyepiga alikuwa ni shemeji yangu Koinet, ndugu mkubwa wa bwana yangu.

"Ng'oto Sein," akasema, maana kwetu Wamaasai mimi huitwa hivyo, mama ya Sein, "hatuji. Nimewarudisha watu kutoka barabarani. Hakuna mtu wa boma yangu atatoa damu iende kulisha huo ugonjwa hewa. Rudi nyumbani ukae na watoto wako siku zenye Mungu amekupangia."

Ulimi wangu ulikuwa umejaa vidonda, sikuweza kumtukana. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo kuliko kidonda chenyewe. Nilitoa tu sauti kama ya ng'ombe mgonjwa, na yeye akakata simu akidhani nimekubali.

Sista akaja akachuchumaa mbele yangu. Akaniambia pole pole kwamba bila damu hawawezi kuendelea kunichoma, daktari amesema wasimamishe. Nikatoa shuka langu kwa benchi. Mama mmoja kutoka Entarara, mwenye alikuwa amesimama muda huo wote na mguu uliofura, akakaa. Sikuwa na watu tena wa kuwawekea.

Sasa nirudi nyuma, ndio mwenye anasoma hii na yuko na uvimbe wake asipotee.

Mimi si mtu wa masomo. Niliacha shule darasa la nne nikachunga mbuzi, nikaolewa, nikazaa. Kitengela nilikuja kwa sababu ya maziwa. Ng'ombe wako kwa boma yetu upande wa Kajiado, wateja wako Kitengela, na mimi nikapanga chumba huko karibu na kwari ya mawe. Nilikuwa nauza maziwa na chai kwa wavunja mawe. Hao watu wanakunywa chai kama gari inakunywa mafuta. Wengi ni Wakamba, na tulikuwa tunatukanana vizuri tu kila siku. Wao wananiambia maziwa yangu iko na maji ya mto, mimi nawaambia huko kwao hakuna mto.

Uvimbe ulianzia chini ya sikio la kushoto, mwaka ule wa kiangazi kirefu. Nilijua kwa shanga. Niko na mkufu mpana wenye mama yangu alinishonea nikiolewa, na siku moja ya harusi haukufunga. Nikadhani nimenona. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wanakufa, mimi ati nimenona. Wenzangu walicheka, mimi pia nikacheka.

Sitasema kila mlango nilibisha. Mmoja aliniambia ni jino, akaning'oa jino zima lenye halikuwa na kosa. Mwingine akanipa vidonge vya koo. Nilikunywa mizizi pia, kwa nini nidanganye. Mvua ya vuli ilinyesha kidogo ikaacha, na uvimbe ulikuwa umefika kama yai la bata, ndio hospitali kubwa ya Nairobi wakakata kipande wakasema ni kansa, na iko mahali pabaya pa kisu, kwa hivyo nitachomwa na miale.

Watu wananiuliza kuchomwa kukoje. Mashine yenyewe haiumi. Kitu kinaumiza ni ile sura ya plastiki. Wanalainisha plastiki kwa maji ya moto, wanakuwekea usoni ikiwa na joto, inaganda ikichukua pua yako, kidevu chako, kila kitu. Halafu kila siku wanakufunga kwa meza na hiyo sura yako, usitingishike. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa. Nilizoea kwa kuhesabu ng'ombe wetu kwa rangi, na nikimaliza wa kwetu nahesabu wa Koinet, na wa Koinet ni wengi.

Wiki zikaenda. Mate yakakauka. Chakula kikawa na ladha ya msumari. Nywele za nyuma ya shingo zikatoka. Lakini uvimbe ulikaa pale pale. Wengine tuliokuwa tunangoja nao kwa ile korido walikuwa wanaonyeshana, angalia, wangu umepungua. Mimi nilikuwa nafunga leso.

Ndio akakuja Daktari Obura. Nitamtaja, na yeye anajua ni yeye. Alikuwa anapima hewa ndani ya uvimbe. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini ni hivyo, uvimbe wa mtu uko na hewa ndani, au hauna, na kuna sindano nyembamba ya kuingia kusoma. Waliniuliza kama nimekubali nikasema ndiyo, kwa sababu wakati huo ungeniuliza kama nimekubali kuruka ukuta ningesema ndiyo. Nililala kwa upande. Walinidunga dawa ya ganzi, halafu wakaingiza hiyo sindano kwa uvimbe, na ilikuwa inatembea. Inaenda kidogo inasimama, inaenda kidogo inasimama. Kando yangu kulikuwa na mashine yenye namba, na kila ikisimama namba inabadilika. Daktari Obura na vijana wake walikuwa wanaangalia namba na kusema mambo yao kwa Kiingereza. Wakati mmoja wote walinyamaza. Nikajua kuna kitu wameona. Nilikuwa nimelalia sikio, na macho yangu yalikuwa yanaangalia ukuta. Hakuna mtu alizunguka kuja upande wa uso wangu kuniambia.

Wakamaliza wakanibandika pamba. Na huyu daktari mwenye masomo yote, akatoka nje kwa korido, akauliza mwenye mgonjwa ni nani. Bwana yangu alikuwa ameenda na ng'ombe mbali kutafuta nyasi, kwa hivyo ni Koinet alikuwa amenisindikiza siku hiyo. Daktari akamwambia yeye. Akamwambia akiwa ameshika kitasa cha mlango mwingine, kwamba uvimbe wangu hauna hewa ndani, ndiyo maana hausikii kuchomwa, na damu yangu iko chini sana, kwa hivyo nitaongezwa damu ndio hewa ifike ndani. Ukoo ulete watu wa kutoa damu. Kwaheri. Mimi nikatoka nikakuta habari ya shingo yangu imeshaenda kwa mtu mwingine, kama mbuzi yenye inauzwa na haiulizwi.

Sasa sikiliza vile mtu wa kwetu anasikia hayo maneno. Kwetu kila mtu anajua kansa ikipigwa na hewa inaamka. Ukiacha uvimbe bila kuguswa unakaa na wewe hata miaka, ukifungua na kisu upepo ukaingia, umekwisha. Sicheki mtu, hata mimi niliamini. Mama mkwe wangu, mama ya Koinet mwenyewe, alikatwa titi, na kabla mvua irudi tulimzika. Watu walisema ni upepo uliingia. Koinet ndiye alikuwa amesaini akatwe. Kwa hivyo daktari alipomwambia tunataka kuingiza hewa, hakusikia dawa. Alisikia mama yake.

Hiyo naweza kuelewa. Ningeelewa kabisa, kama angeniuliza mimi.

Kuna sista mmoja, Kemunto, ndiye alinielezea. Aliniona nimekaa kama mtu ameambiwa siku yake. Akaniuliza kama nimewahi kuwasha jiko la makaa. Akasema, "Hiyo miale ni kama moto, mama. Mahali hakuna hewa haishiki. Uvimbe wako katikati umejifunika kama makaa chini ya jivu. Damu ndiyo inabeba hewa kupeleka huko ndani, na wewe damu yako imekuwa kama chai ya msibani, maji tu."

Nilicheka na mdomo ukapasuka, lakini nilielewa. Jumapili hiyo nikaenda nyumbani Kajiado kuwaelezea. Nilitumia jiko vile vile. Koinet alikuwa amekaa kwa kigoda chake, akanisikiliza hadi mwisho, kwa sababu yeye ni mtu wa heshima mbele ya watu. Halafu akasema, "Moto ukipata hewa unachoma nyumba, Ng'oto Sein." Wazee wakatingisha vichwa. Ndio hivyo jiko langu likageuzwa likanichoma mwenyewe.

Yeye ni mzee wa kanisa. Akasimama mbele ya kanisa siku hiyo hiyo akaomba waniombee, vizuri sana, na ndani ya maombi akaweka maneno yake, kwamba kuna madaktari wanajaribu vitu kwa miili ya watu wetu, wanaingiza hewa kwa ugonjwa, na damu ya mtu ikiingia kwa mtu mwingine inabeba na roho zake. Watu wakasema amina. Nilikuwa nimekaa pale. Nilisema amina pia kabla nisikie vizuri ni nini nimekubali.

Kesho yake akaniletea kibuyu. Ndani ilikuwa damu ya ng'ombe na maziwa. Alikuwa amemfunga dume wake shingo akampiga mshale kwa mshipa yeye mwenyewe, vile wanaume wetu wanafanya mwanamke akijifungua amepoteza damu. Nilipozaa Sein, huyu huyu Koinet ndiye alinipigia mshale, na nilikunywa, na nilisimama. Kwa hivyo sikumtukana. Alinyoosha kibuyu na mikono miwili, akasema hii ndiyo damu ya kuongeza, inapitia mdomo, haina hewa, kunywa. Nikajaribu. Ilinichoma vidonda nikatapika hapo hapo mlangoni.

Lakini nilimwambia. Nilikuwa bado naweza kusema kidogo. "Shemeji, ng'ombe wako umemtoa damu kwa ajili yangu. Mkono wako je?" Akaangalia watu wa boma waliokuwa wamekusanyika. Akaona wanangoja. Akasema sawa, Alhamisi tutakuja, gari mbili.

Hiyo ndiyo Alhamisi nimekuambia.

Bwana yangu alikuja, na lazima niandike hii pia. Alirudi kutoka kwa ng'ombe akasikia, akafika hospitali Alhamisi hiyo hiyo. Sein alimwona nje kwa geti, amesimama kando ya waya na fimbo yake. Alikaa hapo hadi jua likaanza kushuka, hakuingia. Nikamuuliza baadaye. Akasema, "Kaka alikuwa amesema." Mtu mzima, baba ya watoto, ng'ombe wake anawajua kwa sauti. Kaka alikuwa amesema. Na Sein alitaka kutoa damu yake mwenyewe, lakini alikuwa ananyonyesha, sista wakamkataa akilia.

Nilirudi Kitengela kwa chumba changu nikalala na kuangalia mabati. Mwende ndiye alifungua mlango. Mwende ni jirani, Mkamba, anapika githeri, mahindi na maharage, ya kuuza huko kwari, na kwa miaka yote tulikuwa tunagombania wateja. Siku moja alinimwagia majivu kwa mlango kwa sababu nilianza kuuza chapati. Alinisikiliza nikieleza kwa mikono na sauti ya kukwaruza. Hakusema pole. Aliniuliza kama ni lazima iwe damu ya Mmaasai. Nikasema hapana, yoyote, hospitali inataka tu watu. Akatoka.

Kesho asubuhi walikuwa mlangoni, wavunja mawe, wamevaa mashati ya kanisani na vumbi bado kwa masikio. Mmoja alikuwa na deni yangu ya chai tangu zamani. Mwende alikuwa mbele kama mkuu wa shule.

"Mama Sein, amka," akasema. "Leo unawekewa damu ya Kamba. Kutoka leo usipopenda muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, tutajua umetuibia."

Mmoja akasema nitaanza kucheza ngoma ya kwao, nikiruka kinyumenyume. Mwingine akasema sasa maziwa lazima iache kuwekwa maji, kwa sababu itakuwa naibia ndugu zangu. Nililia hapo, na machozi ikapita kwa ngozi iliyochomeka, ikawasha kama pilipili.

Ile benchi ilijaa. Wengine walikataliwa, mmoja ni presha, mwingine alikuwa mwembamba sana, na huyo wa mwisho alikasirika akataka kupigana na sista, ati nyinyi mnasema mimi sina damu. Mwende alitoa. Alikaa na mkono umenyooshwa akiangalia ukuta, na nilijua anaogopa sindano kwa sababu hakuongea, na Mwende huacha kuongea tu akiwa amelala.

Wakaniongeza damu. Sijui kuelezea isipokuwa miguu yangu ilipata joto. Baada ya siku chache wakarudisha kunichoma, na ile sindano ya kupima hewa hawakunidunga tena. Daktari Obura alikuwa ameenda na mashine yake mahali pengine, kwa wagonjwa wengine. Lakini mimi nilikuwa napima mwenyewe na vidole, kila asubuhi. Wiki ya kwanza nikasema najidanganya. Ya pili nikamwita Sein aguse. Mvua kubwa ilianza, barabara ya Kitengela ikawa tope, na nilikuwa naingia hospitali na viatu mkononi. Mvua ilipoisha uvimbe ulikuwa kama harage. Baridi ya mwezi wa saba ilinikuta sina uvimbe.

Sitakudanganya kwamba nilirudi vile nilikuwa. Mate haijarudi, natembea na chupa ya maji kama mtoto wa nasari. Meno ya nyuma yameng'oka. Shingo upande mmoja imekauka kama ngozi ya ngoma na nikigeuka nageuka na mabega. Nyama choma nimeiachia wengine. Bwana yangu siku hizi ananipikia uji, mwanaume wa Kimaasai na mwiko, na mimi naukunywa. Hatujamaliza kuongea, lakini uji ni uji.

Wewe mwenye umeambiwa leo, shika haya machache. Daktari akitoka kwenda kuongea na watu wako kwa korido, mwite arudi. Sema mimi ndiye niko na shingo. Ukiambiwa kitu hujaelewa, tafuta sista ana huruma, uliza mara tatu. Meno, uliza kabla ya kuchomwa, si baada. Kunywa uji na kijiko kidogo. Na usiwekee watu benchi kwa sababu ya jina la ukoo. Mwenye atakuja atakuja, hata kama ni yule alikumwagia majivu.

Mimi nimepona, na wengi wananiambia nisahau. Mchungaji ameniambia. Mama yangu ameniambia. Halafu mwezi uliopita Koinet akanitumia kondoo. Ni kondoo jike, mnono, mweupe, mwenye hana alama hata moja. Kwetu mtu akikupa kondoo namna hiyo na ukapokea, maneno kati yenu imefungwa, hata jina mnaitana kwa hiyo kondoo. Aliyemleta alisema mzee anasalimia, anafurahi vile Mungu ametenda.

Nilimpa kondoo maji, kwa sababu yeye hana kosa. Halafu nikamrudisha.

Daktari Obura, wewe ulisoma namba ndani ya mwili wangu na ukampa mtu mwingine. Nataka unitafute, nitakuwa Kitengela, uliza mama wa maziwa karibu na kwari. Kaa chini, uso kwa uso, uniambie zilisema nini na kwa nini mlinyamaza.

Na wewe shemeji. Sitaki ng'ombe, sitaki faini ya wazee, na usiniombee tena. Ulisimama mbele ya kanisa ukasema watu wasinipe damu. Simama pale pale, Jumapili, watu wakiwa wamejaa, uwaambie kama mimi nimekufa au niko hai, na ni damu ya nani iko ndani yangu. Niwekee nafasi kwa benchi ya mbele. Mimi nitakuja, na Mwende atakuja na mimi.